Kijiti cha Zamu

Mrithi mfereji hurithi na zamu. Mmeusikia msemo huu sokoni mkacheka, na sasa mnaniuliza ulikotoka. Tulieni basi, maana aliyeutamka kwanza aliutamka kwa aibu.

Zamani nchi mbili za milimani, Ngulwe na Mhero, zilitumia mfereji mmoja. Zilikula kiapo: siku tatu maji ni ya Ngulwe, siku tatu ni ya Mhero, na ugomvi wowote wa maji utaamuliwa na Mzee Kadio, mhunzi asiye wa upande wowote. Kadio akachonga kijiti cha zamu, alama tatu juu za Ngulwe, tatu chini za Mhero. Baadaye mtawala wa Ngulwe alifariki, wanawe wakaigawa nchi. Sehemu yenye chanzo cha mfereji ikajiita Lembo, na Lembo wakayafunga maji.

Mahindi ya Mhero yakaanza kujikunja. Watu wake wakamwendea Kadio, lakini Lembo wakakataa kuamuliwa naye, wakapeleka pingamizi mbele ya baraza la wazee wa milima. Msemaji wao alikuwa Sengondo, mtu mwenye ulimi wa kumtoa nyoka pangoni. Dada yake, Nakiete, alikuwa ameolewa Mhero. Sengondo alipomwona barazani, amekonda, aligeuza macho. Moyoni alijua kuwa anatetea dhuluma, ila sifa ni tamu.

"Wazee wangu," alisema, "iliyoapa ni Ngulwe, na Ngulwe haipo tena. Sisi tumezaliwa juzi. Mtoto ataapaje kabla hajazaliwa? Kadio hana mamlaka juu yetu."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Angeketi hapo, angeshinda. Lakini mtu mmoja wa Mhero aliguna, Sengondo akapandwa na hasira, na mdomo ukamponza. Akachomoa kijiti mkobani.

"Mnaguna nini, wezi nyie? Kabla hatujafunga maji mlituibia siku nzima! Alama hizi tatu za juu ni zetu!"

Mzee Kadio, aliyekuwa ameketi pembeni, akauliza taratibu, "Mwanangu, kijiti hicho alikichonga nani?"

"Wewe, mzee."

"Lini?"

"Siku ya kiapo."

"Nanyi Lembo mmekipataje?"

"Tumekirithi."

"Mmerithi alama za juu tu?"

Nakiete akasimama. "Kaka, wanangu wanakula mizizi. Siku zote hizi ulikuwa nacho kijiti hicho?"

"Nilikuwa nacho, dada."

Sengondo alitamani ardhi ipasuke immeze. Hakungoja wazee waamue. "Naondoa pingamizi," alisema. "Mrithi mfereji hurithi na zamu. Mzee Kadio atuamue."

Kadio aliamua maji yafunguliwe siku ileile, na Sengondo akayafungua kwa mikono yake. Lakini shamba la Nakiete lilikuwa limekwisha kufa. Kaka yake alipokwenda kuomba radhi, Nakiete alimpokea vizuri, akampa kigoda. Kisha akamletea kata ya maji ya mfereji, akaiweka mbele yake kwa mikono miwili.

"Karibu, kaka. Sina kingine cha kukukirimu."

Sengondo aliyanywa yote, ameinamisha kichwa. Basi mtakaposikia tena watu wakisema mrithi mfereji hurithi na zamu, msicheke.