Mkoma Ulivyopata Kichwa cha Pili

Tulizeni meno kidogo. Hizo kokwa mnazotafuna zina habari yake, nami nikianza sirudii.

Zamani mkoma ulikuwa na kichwa kimoja, kama mnazi. Mgema akitaka tembo alikikata kichwa kile, utomvu ukatiririka, watu wakanywa, mti ukafa. Hakuna aliyejali, maana mikoma ilijaa ukingo mzima wa mto.

Kisha mvua ikagoma. Mto ukabaki madimbwi, na watu wakaishi kwa kokwa changa za mkoma, zile laini zenye maji matamu. Lakini wazee nao walitaka tembo la tambiko ili mvua irudi. Mti baada ya mti ukakatwa, hadi ukasalia mmoja, na angani hakuna hata wingu.

Mgema alikuwa Komora. Yeye na mkewe Habona walikuwa na binti mdogo, Hadulu, ambaye tumbo lake lilikataa kila kitu isipokuwa kokwa hizo. Wazee walipoagiza tembo tena, Habona aliona pande zote mbili ni hatari. Mti ukikatwa, mtoto anakufa. Wakikataa, kijiji kizima kitasema ukame umeletwa na wao.

"Baba Hadulu," alimwambia mumewe pale shinani, "ukishuka na tembo, mwanao atakula nini?"

Komora alikaza mshipi wake. Alipanda, wazee wakimtazama. Kule juu alichomoa kisu. Akakipasua kichwa katikati, akakata nusu moja tu. Nusu ya pili akaifunga kwa mshipi wake ili upepo usiing'oe.

Kibuyu cha tembo hakikujaa. Wazee walinung'unika, wakatambika hivyo hivyo, na mvua haikuja. Kila asubuhi Habona aliinua macho na kuona makuti yamezidi kunyauka. Kokwa zilizobaki alimpa mtoto kidogo kidogo, moyo juu juu. Hata asubuhi moja akaona upande uliokatwa umechipua kichwa kipya, na ule uliofungwa umesimama wima. Akakaa chini akalia. Mvua ilikuja baadaye, kwa wakati wake.

Na tangu siku hiyo mkoma hugawanyika. Mgema hukata kichwa kimoja, cha pili humwachia mtoto. Lakini akipanda, tazameni shinani: hakosekani mama amesimama, shingo ameinua, anahesabu vichwa.