Jibu la Mto wa Tatu

Ndugu zangu, niseme kwanza kosa langu, maana nikianza na la mtu mwingine mtaniona mwema kuliko nilivyo.

Miaka kumi na moja iliyopita aliletwa hapa mwinjilisti mpya. Wakati huo nyimbo za msibani nilikuwa naziongoza mimi. Ule wimbo wa Kisambaa wa kuagia marehemu nilifundishwa na bibi yangu, beti zote tano, na hapa mtaani hakuna mwingine aliyekuwa nazo. Yule mwinjilisti alinijia kwa adabu, akaniomba nimwandikie. Nikamwambia, "Subiri nilitafute daftari." Daftari lilikuwa ndani ya koti nililovaa. Yakatokea mazishi, akaimba beti mbili, kwenye wa tatu akakwama mbele ya watu wote. Mimi nikainamisha kichwa kama mtu anayeomba. Sikuwa naomba. Nilikuwa nafurahi.

Kwa hiyo mfano huu najihubiria mwenyewe kwanza. Ninyi mtachukua kitakachobaki.

Kwenye semina ya watafsiri wa Maandiko kule Lushoto, mgeni mmoja alitueleza habari za watu wa asili wa Amerika ya Kaskazini wanaoitwa Waalgonkwini. Si kabila moja. Ni makabila mengi ambayo lugha zao ni ndugu, kama sisi Wasambaa tunavyosikilizana na Wabondei na Wazigua. Lugha nyingi kati ya hizo zimebaki kwa wazee wachache, na vijana wao sasa wanaziokota neno moja moja, kama mtu aliyemwaga mtama njiani. Nilijifunza huko desturi mbili za baadhi ya watu hao. Ukitaka mzee akufundishe jambo, unampelekea tumbaku, na akiipokea amekubali kukufundisha. (Msije mkaniletea tumbaku mimi.) Na hadithi zao kubwa hazisimuliwi ovyo. Husimuliwa majira ya baridi, theluji ikiwa imelala chini nyeupe kama sufi iliyopasuka. Ikiyeyuka, midomo inafungwa hadi mwaka unaofuata.

Desturi ni zao. Mfano ni wangu, nimeutunga nikipalilia viazi.

Kulikuwa na bibi mmoja wa watu hao, aliyekaa kando ya ziwa. Alikuwa na miaka sabini na minane, na kijiji kizima waliokuwa wakiisema lugha yao bila kutafuta maneno walibaki wawili tu: yeye na mwenzake mmoja wa umri wake.

Hawa wawili walikuwa wametoka mbali pamoja. Walipokuwa na miaka minane walichukuliwa kwao wakapelekwa shule ya bweni, ambako mtoto aliyesema lugha ya mama yake alisuguliwa ulimi kwa sabuni. Na nasikitika kuwaambia, shule nyingine za namna hiyo ziliendeshwa na watu wa kanisa. Wale wasichana wawili walipangiwa chumba cha kufulia. Mashine zilinguruma, mvuke ulijaa, na katikati ya kelele ile waligundua kwamba mtu anaweza kunong'ona asisikike. Basi wakawa wanasimuliana hadithi moja huku wakikamua mashuka. Dubu ameamka baada ya baridi, amekonda, anapita nchi nzima kuiamsha mito. Anaufikia mto, anauliza swali. Mto unajibu. Mito ni mitatu. Mwenzake alikuwa dubu. Huyu bibi alikuwa mito, kwa sababu baba yake alikuwa msimulizi mashuhuri na majibu yote ya mito alikuwa nayo yeye.

Sasa wamezeeka, na mambo yamegeuka. Lugha iliyokuwa ikisuguliwa kwa sabuni imeanza kutafutwa. Akaja mwalimu kijana, binti wa palepale kijijini, ambaye mama yake hakumrithisha lugha kwa kuiogopa ile sabuni. Anafungua darasa. Anabeba tumbaku katika vifuko viwili vya kitambaa chekundu, anakwenda kwa wazee.

Alianza kwa yule mwenzake.

Hapo ndipo mdudu alipoingia. Bibi aliona kwa dirisha. Aliliona gari la mwalimu limesimama kwa mwenzake, akatazama saa, akaanza kuhesabu dakika. Zilifika hamsini. Chai ikapoa mkononi. Mwalimu alipobisha hodi kwake, bibi alikuwa ameshamhukumu.

"Karibu. Umeniletea mabaki?"

"Bibi, vifuko ni viwili, vimelingana. Nimepita kule kwanza kwa sababu ndiyo nyumba ya kwanza ukitoka barabarani."

"Kumbe ningejenga barabarani."

Mwalimu akacheka, akidhani ni utani. Akanyoosha kifuko kwa mikono miwili. "Nakuomba hadithi ya dubu na mito, Bibi. Sehemu yako."

Jamani, bibi akaipokea ile tumbaku. Kuikataa kungekuwa aibu, watu wangesema ana roho mbaya. Aliipokea, halafu akatazama nje, kwenye majani yaliyoanza kugeuka rangi. "Bado theluji, mwanangu. Unataka nivunje mwiko wa baba zangu?"

"Hapana, Bibi. Nitasubiri."

Unaona? Hakusema uongo. Alichukua desturi takatifu ya wazee wake akaifanya pazia, akajificha nyuma yake. Wivu wa mlevi utausikia njia panda, lakini wivu wa mtu wa dini huvaa vizuri na hukutajia kanuni.

Theluji ikaanguka. Mwalimu akaja, bibi akasema goti linamsumbua. Wiki iliyofuata ilikuwa kifua. Ilipofuata nyingine, alikaa kimya nyuma ya mlango hadi hatua zikaondoka. Wakati huohuo kila Ijumaa alisikia basi la shule likishusha watoto kwa mwenzake, na watoto wakiita, "Bibi yetu! Bibi yetu!" kwa lugha ileile iliyomletea sabuni mdomoni. Dukani alimwambia muuzaji, "Huyo anawafundisha lugha ya jikoni. Baba yake hakuwa msimulizi. Alikuwa mpasua kuni." Na hilo lilikuwa kweli. Mwenzake alichanganya maneno, alisahau miisho. Bibi alijua zaidi. Ndicho kilichomuuma hasa: kwamba anajua zaidi, na anayependwa ni yule.

Siku moja mwenzake mwenyewe akaja, anatembelea fimbo juu ya theluji, amebeba bakuli la wali wa ule mchele unaoota ziwani kwao.

"Mwenzangu, njoo Ijumaa. Tusimulie kama zamani."

"Wewe si ndiye mwalimu? Simulia."

"Mimi ni dubu tu. Watoto wanauliza mito inasemaje."

"Watungie. Umeshawatungia mengi."

Mwenzake alisimama pale mlangoni, pua imekuwa nyekundu kwa baridi. Hakukasirika. Alisema, "Wali usiuache ugande," akaondoka. Bibi akaufunika ule wali kwa sahani, hakuula, akawamwagia ndege asubuhi. Moyoni alisema: amekuja kuniombea mito yangu ili aitwe mwenye hadithi nzima. Hatapata hata tone.

Theluji ikayeyuka. Mwalimu akaja mara ya mwisho. Bibi akamwonyesha maji yanayotiririka toka paani. "Tumechelewa, mwanangu. Midomo imefungwa. Mwakani."

Je, ndugu, mwakani ni ya nani? Nani kati yetu ana hati ya mwakani?

Katikati ya majira ya joto, yule mwenzake akafa.

Nitawaambia ukweli wa moyo wa bibi, maana naufahamu. Alilia. Lakini chini ya kilio, mahali padogo pa siri, sauti ilisema: sasa nimebaki peke yangu. Sasa watakuja kwangu tu.

Na walikuja. Watoto walimjia, wakamsalimia. Yeye akajibu kwa ile lugha safi ya baba yake, nayo ikawapita juu ya vichwa kama ndege. Walitabasamu. Akawaambia jambo la kuchekesha, hakuna aliyecheka, maana wa kulicheka alikuwa kaburini. Kwa miezi mitatu hakuna aliyemjibu sentensi nzima. Lugha yote ilikuwa yake, na hakuwa na wa kuongea naye.

Theluji ya kwanza ikaanguka. Mwalimu akatangaza kwamba ukumbi wa shule utafunguliwa mchana, wasikie sauti ya marehemu akisimulia, ilivyorekodiwa baridi iliyopita. Bibi akavaa koti lake zuri, akaenda. Mnadhani alikwenda kuomboleza? Alikwenda kuhesabu makosa. Kama wengine wanavyokuja hapa kumsikiliza mhubiri. Mnacheka, mnajijua.

Mashine ikawashwa. Sauti ya mwenzake ikatoka, na ukohozi wake. Dubu akaamka. Bibi akahesabu: kosa moja. La pili. Dubu akaufikia mto wa kwanza, akauliza, "Mwenzangu, nani amekufunika shuka jeupe?"

Halafu kimya.

Kimya kirefu. Ilisikika saa ya ukutani kwa marehemu, na kuni zikipasuka jikoni kwake. Watoto wakatazamana. Bibi akamwinamia mwalimu, na mdomo wake ulikuwa karibu kutabasamu. "Amesahau."

"Hapana, Bibi," mwalimu akasema polepole. "Hata mimi nilidhani hivyo, nikataka kuzima. Akanishika mkono. Akasema, acha izunguke, hapa kuna mtu anaongea."

"Nani?"

Mwalimu akamwonyesha mashine kwa kidole. Na palepale, kwenye mashine, marehemu akacheka. Alicheka kicheko kifupi cha puani, kilekile cha chumba cha kufulia, kwa sababu jibu la mto wa kwanza ni la kuchekesha na yeye miaka yote lilimchekesha. Alikuwa amelisikia moyoni mwake, akaliachia muda wake wote, ndipo akaendelea. Dubu akashika njia.

Bibi akashika kiti cha mbele yake.

Dubu akaufikia mto wa pili, akauliza swali la pili, akanyamaza. Na yule bibi, mbele ya watoto wote, akafungua mdomo akajibu. Maneno yalikuja, neno kwa neno, kama alivyoyapokea kwa baba yake. Neno lake la mwisho lilipotoka, sauti ya marehemu ikaanza. Haikumkatiza, wala haikumsubirisha. Ile nafasi ilikuwa imepimwa kwa sehemu yake, ikalingana. Watoto waligeuka wote. Mwalimu alikuwa anaandika huku machozi yanadondokea daftari.

Dubu akaufikia mto wa tatu. Huu ndio mkubwa, unaokwenda ziwani. Akauliza. Akanyamaza.

Bibi akafungua mdomo.

Hakikutoka kitu. Alitafuta. Alirudi hadi kwenye mvuke, hadi kwenye mashuka, hadi kwa baba yake amekaa karibu na moto. Aliuona mdomo wa baba yake ukitembea na hakusikia neno. Miaka aliyoifungia hadithi ile kwa kuilinda isiibwe, hakuwa ameipitia hata mara moja. Kimya kile kilikuwa kirefu kuliko vyote viwili. Saa ya marehemu iligonga, ikagonga. Mwishowe sauti ikasema, kwa upole, "Nimesikia. Sasa naweza kupumzika," na hadithi ikaisha.

Mtoto mmoja wa kike akamvuta mkono. "Bibi, mto wa tatu ulimwambia nini?"

Bibi akasema, "Kulikuwa na mtu mmoja ambaye angenikumbusha. Alilisikia jibu hilo kinywani mwangu tukiwa watoto, akalitunza miaka sabini. Alikuja mlangoni kwangu na wali."

Jibu la mto wa kwanza alikuja kulitoa baadaye, likaandikwa, na watoto sasa hucheka palepale marehemu alipochekea. La mto wa tatu hakuna alijuaye.

Sasa sisi. Sisi tunadhani wivu unamnyima yule tunayemwonea. Yule mwenzake alinyimwa nini? Alikufa akiwa na hadithi nzima moyoni, pamoja na sehemu ya rafiki yake. Aliyenyang'anywa ni mwenye wivu, na waliokosa ni watoto ambao hawakuwa na ugomvi na mtu. Na zaidi: sisi tunakaa dirishani tukihesabu dakika za gari la watu, tukidhani yule kule anakalia kiti chetu, kumbe yeye anatuwekea. Kila siku anafika kwenye ile sehemu, ananyamaza, anatungoja. Mungu anisamehe, mimi nimengojwa miaka kumi na moja.

Mwinjilisti, nakuona hapo benchi la pili. Daftari hili hapa. Karatasi zimelika pembeni, lakini beti zinasomeka, na ule wa tatu nitakuimbia tukitoka, hapo nje, mbele ya watu walewale.

Na wewe unayenisikiliza, nakuomba jambo moja. Yupo mtu ambaye sasa hivi nikitaja neno wivu umemwona sura. Unacho kitu chake: ni maarifa, ni wimbo, ni jibu alilokuomba ukamwambia subiri. Nakuomba umpelekee leo, kabla hujala chakula cha mchana.