Neno Lililomtoa Mzee Kiondo

Sikilizeni, wadogo kwa wakubwa, maana mwishoni nitawauliza.

Enzi za Mwingereza, milimani Upare, Mzee Kiondo alikuwa na watoto watatu. Mavura, mkubwa, alikuwa ametumikia nyumba za Wazungu miaka saba, na aliweza kuiga mwendo wa mtu yeyote. Nakijwa, binti yake, alisoma misheni na Kiingereza alikijua barabara. Kiangi, wa mwisho, mwili wake ulikuwa wa kuvumilia. Jandoni hakupepesa hata kope.

Mzee alikuwa akikata mkonge kwenye shamba la Mzungu huko bondeni. Siku moja, alipomaliza kazi yake, nyapara akamwongezea ya pili, naye akakataa. Meneja akamfungia ghalani bila chakula, akaipelekea familia barua ya Kiingereza. Nakijwa akaisoma: mzee atatoka siku mmoja wa watoto wake atakapokuja kumwombea mbele ya wafanyakazi wote, na aombe "meekly".

Nyapara aliyeleta barua alisema neno hilo ni kwa adabu tu. Kiangi hakungoja dada yake alieleze. Akaenda, akavua kofia, akasalimia vizuri, akaomba akiwa amesimama wima. Meneja akaagiza mzee anyimwe na maji.

Kiangi aliporudi, Nakijwa alimketisha. Alitamani lile neno liwe na maana nyingine. "Si adabu, mdogo wangu," alisema. "Wala si upole. Mpole anaweza kukataa. Hili ni la mtu anayekubali kila anachotendewa, kinyonge, na hata usoni asionyeshe kinachomuuma. Ukisema mtu amekwenda 'meekly', ujue ameburutwa bila kamba."

"Maana umeisikia," Mavura akasema. "Sasa ujifunze kulitumia." Akamtoa uani, akamwonyesha: mabega yashuke, macho yaishie kwenye viatu vya bwana, sauti itoke kama ya mtu anayeomba radhi kwa kuzaliwa. Kiangi akainua macho. Mavura akamzaba kofi. Akainua tena, Mavura akamtemea mate. Waliendelea hivyo mpaka adhuhuri. Nakijwa alitaka kuwaamua, akafikiria midomo ya baba yake inavyokauka kule ghalani, akabaki amekaa. Kofi la mwisho lilipotua, Kiangi hakuinua kichwa. Mavura akaingia ndani, akalia.

Kiangi akashuka bondeni, dada yake nyuma. Mbele ya wakata mkonge wote akapiga magoti vumbini. Meneja akamkanyaga vidole kwa buti, Kiangi akashukuru.

"Baba yako ni nini?" meneja akauliza.

"Ni mbwa, bwana."

"Sema kwa sauti, asikie."

Kiangi akasema kwa sauti mara tatu, kwa Kiswahili, kisha kwa Kipare. Meneja akacheka, akautupa ufunguo chini.

Mzee alitoka akijishikilia ukutani. Nakijwa akamshika mkono mmoja. Kiangi aliponyoosha wake, mzee aliukwepa.

Mwezi ule ule homa ilimlaza, akajua hainuki. Alikuwa na shamba moja la migomba linalonyweshwa na mfereji, na kwa desturi yao shamba hilo haligawanywi. Akawaita wote watatu.

"Bila Nakijwa, neno lile tusingelijua," alisema. "Bila Mavura, huyu angekwenda tena wima, nami ningekufa kwa kiu. Bila Kiangi, nani angepiga magoti? Ni ninyi mlionitoa. Na ni ninyi mlioniita mbwa. Mmoja alilifumbua neno, mmoja akalifundisha, mmoja akalitenda."

Nakijwa aliinama, akiomba moyoni jina lake lisitajwe.

"Mpe Kiangi shamba, Baba," Mavura akasema. "Yeye ndiye aliyeumia."

Mzee akamtazama mwanawe wa mwisho. "Kiangi, unalitaka?"

"Kama utakavyo, Baba," Kiangi akajibu, macho yake kwenye miguu ya kitanda.

Hakuna aliyejua kama amekubali, au kama hawezi tena kujibu vingine. Mzee alingoja mwanawe amtazame. Alingoja sana. Kisha akageukia ukuta, na kabla ya jua kuzama akafa bila kutaja jina.

Wazee wa ukoo walibishana, wakatawanyika bila hukumu. Mwenye kujua neno, mwenye kulifundisha, mwenye kulitenda: je, wewe ungempa nani shamba lile?