Sauti Kumi Ndani ya Ukungu

Paukwa!

Pakawa!

Basi tulieni, maana hadithi hii haitaki kelele.

Zamani za kale, enzi za babu wa babu zetu, palikuwa na kijiji kando ya bwawa la matete. Hapo aliishi kikongwe mmoja, Bibi Semeni, msuka mikeka. Hakuwa mwepesi wa kujibu. Ukimwuliza neno asubuhi, pengine atakujibu jua likiwa utosini.

Siku moja Mashavu, mke wa Shomari, alikwenda bwawani kukata ukindu. Ukungu ukashuka, shuu! Ukafunika bwawa lote. Jua likapanda, ukungu haukuondoka. Mashavu hakurudi.

Watu wakaenda hadi ukingoni. Wakaita, "Mashavuuu!"

"Niko huku!" sauti ikajibu kulia.

"Niko huku!" nyingine kushoto. Nyingine kule kwenye matete. Sauti kumi, zote za Mashavu, zote kwa pamoja. "Njoo, mume wangu! Njoo! Njoo!"

 Watu wakaanza kubishana, huyu kulia, yule kushoto. Shomari akakaza shuka kiunoni ajitome majini.

Bibi Semeni akamshika mkono. "Ngoja kwanza."

"Bibi, mke wangu ananiita!"

"Nasikia. Nanyi wengine, nyamazeni."

Watu wakanyamaza, jii! Bwawa halikunyamaza. "Njoo! Njoo! Njoo!"

Bibi akafumba macho. Akashika sauti moja, akaifuata mpaka mwisho wake, akaiacha. Akageuza uso kidogo, akashika ya pili, akaiacha. Ya tatu. Ya nne, hadi ya tisa. Zote zasema njoo, na hakuna hata moja inayovuta pumzi.

"Bibi, fanya haraka!" Shomari alikuwa akilia.

"Sikio si jamvi, mwanangu. Haliketishi wote mara moja."

Ya kumi ilikuwa nyembamba, chini ya zote, imekatikakatika. Bibi akainama kuishika. Ilikohoa. Ikasema, "Usije! Shomari... usije! Tope!"

"Huyo hapo," akasema Bibi. "Tisa wanakuita. Mmoja anakukataza. Mkeo ni huyo."

Wakalaza magogo juu ya tope, wakatambaa wakifuata kile kikohozi. Wakamkuta Mashavu amezama hadi kifuani. Vuta! Vuta! Akachomoka. Mumewe akamkumbatia na tope lake lote.

Hapo zile sauti tisa zikanyamaza. Watu wakashusha pumzi.

Kisha, kutoka ndani ya ukungu, sauti ya kikongwe ikaita taratibu: "Shomari. Njoo, mwanangu."

Ilikuwa sauti ya Bibi Semeni. Na Bibi Semeni alikuwa amesimama kati yao, kafumba mdomo.

Akawatazama. "Twendeni nyumbani. Na siku nikifa, mkinisikia humo, msiitike."

Miaka ikapita, Bibi akafa kwa uzee, wakamzika, wakamlilia. Na kila ukungu uliposhuka, bwawa liliwaita kwa majina, mmoja mmoja, kwa ile sauti yake waliyoipenda. Wakashika njia yao. Hakuna aliyeitika.

Basi, wasikilizaji wangu, wengi wakisema kwa pamoja, mshike mmoja mmoja hadi mwisho wa neno lake. Anayekutakia mema huenda ndiye asiyepaza sauti.

Hadithi yangu nimeitua hapo.