Ndugu Wawili na Mashine ya Kusaga

Wapendwa, walikuwapo ndugu wawili wa tumbo moja. Waliuza alizeti zao za miaka mitatu wakanunua mashine ya kusaga. Haukupita muda, kaka mtu akaanza kunung'unika kwamba mdogo wake anawasagia wakwe zake bure. Maneno yakakua, wakaitwa mbele ya wazee wa ukoo.

Siku ile mdogo alisimama akasema, "Kaka, chukua mashine yote. Mimi naomba tuendelee kusalimiana."

"Umesema mwenyewe mbele ya watu," kaka akamjibu.

"Nimesema."

Msidhani ilikuwa rahisi. Mke wa yule mdogo alilia siku mbili. Bati walilokusudia kuezekea halikununuliwa, na mwaka ule mvua iliwanyeshea ndani. Lakini walilima, wakala walichovuna, na salamu haikukatika.

Kaka naye alifanikiwa. Aliongeza mashine ya pili, akajenga nyumba yenye geti. Ila alimfukuza kijana wa kwanza wa mashine kwa kumshuku, akamfukuza wa pili, mwisho akakaa mlangoni mwenyewe toka asubuhi mpaka jioni. Chakula alikula amesimama, unga kwenye kope. Mkewe alikwenda kuwasalimia wazazi wake, akachelewa sana kurudi. Usiku kaka alipokuwa kitandani, sikio moja lilibaki kule kwenye mashine. Je, huyu hatumjui? Wengine wetu tumemwona leo asubuhi kwenye kioo.

Jumapili moja umeme ulikatika. Mashine zikanyamaza, naye akajikuta hana la kufanya. Miguu ikampeleka kwa mdogo wake. Aliwakuta wameketi mkekani wanakula ugali wa mtama na mlenda.

"Karibu kaka, nawa mikono," mdogo akasema, akasogea kumpa nafasi.

Alikula. Watoto walikuwa wakisimulia habari za mbuzi wa jirani aliyeingia kanisani, na yeye akajikuta anacheka. Akajinyoosha pale pale mkekani, kidogo tu, apumzishe mgongo.

Alipofumbua macho jua lilikuwa limeshuka. Alikuwa amefunikwa kitenge. Watoto walikuwa wamehamishiwa nyuma ya nyumba wasimpigie kelele.

"Nimelala muda gani?"

"Tangu tulipokula," mdogo akasema. "Tulikuja mara mbili kuangalia kama unapumua."

Kaka alikunja kile kitenge. Hakukumbuka ni lini alilala hivyo nyumbani kwake. Kisha akasema taratibu, "Nikikurudishia nusu yako, utaipokea?"

Mdogo alimtazama mkewe. Yule mama aliyelia siku mbili ndiye aliyejibu.

"Shemeji, kula njoo hata kesho. Mashine iache huko huko iliko."

Basi. Kaka alirudi kwake bila kupata wa kumgawia. Tangu siku hiyo, kila Jumapili alifunga mashine akaenda kula mlenda. Baadaye mkewe alirudi, wakawa wanakwenda wote.

Sasa ndugu zangu, nilipofika kwenye ile nusu, niliziona nyuso zenu. Mlifurahi. Mlisema moyoni, haki imetendeka, mvumilivu amelipwa. Na mama yule alipokataa, wengine mmeguna. Mbona mmeguna?

Ni kwa sababu sisi tunaihesabu amani kama foleni ya kusubiria mali. Tunakubali kunyamaza, tunakubali kusamehe, lakini jicho moja tunamtupia Mungu, tuone mashine italetwa lini. Isipoletwa, tunasema hakujibu. Wakati huo huo ametuketisha mkekani na watu wanaotupenda, sahani ina chakula, na tukilala tunalala kweli.

Yule mama aliujua usingizi alioulala shemeji yake mchana ule. Yeye alikuwa nao kila siku, na alikwisha kuulipia kwa machozi yake. Kwa nini auuze? Na wewe uliyeguna, leo ukirudi nyumbani ukakuta wamekusubiri mle pamoja, utaomba nini tena?