Kengele ya Mama Ndeanasia

"Mpokee wa nyuma mzigo, kengele mwachie." Maneno hayo mmeyasikia leo kikaoni kutoka kwa shangazi yenu Elinami, mlipomwambia apumzike tu, ninyi mtamsemea habari za shamba lake. Mkacheka, mkadhani uzee umemchanganya. Sasa mnakuja kwangu kuniuliza methali hiyo imetoka wapi. Haya, kaeni. Sikuhadithiwa na mtu, nilikuwapo.

Zamani kijiji chetu kilitegemea mfereji mmoja tu kutoka mlimani. Kila mwaka, katikati ya kipupwe, kabla ya kugawana zamu za maji, watu wa mfereji walipanda kwenda kuona theluji imeshuka mpaka wapi. Theluji ikiwa haba, zamu nazo zilikuwa fupi. Kila nyumba ilitoa mtu mmoja. Tulilala kwenye kibanda kilicho juu ya msitu, tukaondoka alfajiri, tukapanda vilele viwili vidogo vilivyo chini ya Kibo. Kwenye kilele cha pili kila mmoja aliweka mkono kwenye theluji, nyumba yake ikatajwa, kisha tukarudi kibandani kabla jua halijazama. Nyumba ambayo mkono wake haukufika ilikosa maji mwaka mzima. Ilikuwa sheria kali, na wala sikumbuki mtu aliyeipinga.

Kulikuwa na sheria nyingine. Aliye dhaifu kuliko wote alitembea nyuma, amevaa kengele ya ng'ombe shingoni. Kule juu ukungu ukishuka humwoni mtu aliye hatua tano tu mbele yako. Kwa hiyo anayeongoza hakugeuka kutazama, alisikiliza. Kengele ikilia, aliendelea. Ikinyamaza, wote walisimama.

Mwaka mmoja tulikuwa tisa. Aliyetuongoza ni Mzee Aikaeli, mkuu wa mfereji, mtu wa maneno machache. Wa nyuma alikuwa Mama Ndeanasia, mjane mwenye kifua kibovu. Hakuwa na wa kumtuma, maana watoto wake wawili walikuwa bado wadogo, na migomba yake ilikuwa imeanza kunyauka. Bila zamu ya maji wangelala njaa. Mbele yake nilikuwa mimi, Anaeli, mwenye miaka ishirini na miwili, nguvu tele na akili kidogo.

Kilele cha kwanza tulikipanda vizuri. Tulipoanza kuelekea cha pili, theluji ikatufika magotini na ukungu ukashuka. Nyuma yangu nilimsikia Mama Ndeanasia akikohoa, na kila akikohoa kengele ilimgonga kifuani. Nikamwonea huruma. Ilikuwa huruma ya kweli, siikani.

"Mama, lete kikapu nikusaidie," nikamwambia.

"Asante, mwanangu. Chukua."

"Na kengele pia."

Akaifunika kwa kiganja. "Hapana. Mzigo nipokee, kengele niachie."

"Aa, mama! Hiki nacho si chuma? Kinakuumiza bure. Mimi niko hapa hapa mbele yako, nitakulizia."

Hakuwa na pumzi ya kubishana nami. Nikaivua shingoni mwake, nikaivaa mwenyewe, nikajiona mtoto mwema kuliko wote waliozaliwa kijijini.

Mwanzoni niligeuka kila baada ya hatua chache. Halafu baridi ikauma, miguu ikafuata mwendo wa walio mbele, nikasahau. Kengele ililia vizuri kuliko asubuhi, kwa kuwa sasa ilikuwa kwenye kifua chenye nguvu. Mzee Aikaeli alipoisikia inalia hivyo, akajua leo wa nyuma ana afya, akaongeza mwendo.

Tulifika kileleni. Mikono ikawekwa kwenye theluji, nyumba zikatajwa moja moja.

"Nyumba ya Mama Ndeanasia," Mzee Aikaeli akaita.

Kimya. Nikageuka upesi kutazama nyuma, na kwa kugeuka huko kengele ikalia.

"Kengele naisikia," akasema mzee. "Mwenye kengele yuko wapi?"

Akanijia karibu, akaitazama shingoni mwangu.

"Nani alikuvisha?"

"Niliivaa mwenyewe, baba. Nilimwonea huruma."

"Umemwonea huruma ukamnyang'anya kinywa," akasema, akaanza kushuka.

Nyayo zetu zilikuwa zimeshafunikwa. Tuliita, hakuna aliyeitika. Mimi nilitembea nikilia kama mtoto, na kengele ikilia pamoja nami, nikaichukia kwa sababu haikuwa na maana tena. Mchana ulikuwa umeenda sana tulipomkuta chini ya jabali, mbali na njia. Alikuwa hai. Alipotaka kusema, midomo ilisogea tu, sauti haikutoka. Aliinua mkono wa kulia, umefumbwa, akamwonyesha Mzee Aikaeli. Ndani ya kiganja kulikuwa na theluji iliyoganda ikawa barafu. Aliishika muda wote ule ili nyumba yake isikose maji.

Mzee Aikaeli akavua kofia. "Nyumba ya Mama Ndeanasia imefika," akasema.

Tulimbeba kwa zamu mpaka chini. Hospitali walimkata vidole viwili vya mkono ule. Sauti yake haikurudi tena, ukabaki mnong'ono.

Alipotoka hospitali nikamwendea na jani la sale, ambalo kwetu ukimletea uliyemkosea hana budi kukusamehe. Alilipokea, akanikalisha, akanipa maziwa. Kisha akaninong'oneza, "Mzigo ulinipokea vizuri, mwanangu. Kwa hilo sina neno nawe. Lakini nilikuita mpaka sauti ikaisha. Na kila nilipokuita, niliisikia kengele yangu inakwenda."

Nimezeeka sasa, na maneno hayo bado yananiamsha.

Ile kengele Mzee Aikaeli aliamua iwe ya mama huyo. Tangu siku hiyo Mama Ndeanasia alikuja nayo kwenye vikao vya mfereji, na alipotaka kusema aliipiga mara moja. Wazee wakubwa walinyamaza na kuinama karibu naye, wasikie mnong'ono wake mpaka mwisho. Hakuna aliyethubutu kusema "mama anataka kusema hivi." Na mtu akianza kumsemea mwenzake, wengine walimkumbusha yale maneno aliyoniambia kwenye theluji.

Huyo Mama Ndeanasia ndiye bibi yenu mzaa baba, ambaye hamkumwona. Wale watoto wake wawili, mmoja alikuwa marehemu baba yenu. Mwingine ni shangazi yenu Elinami, ambaye sasa hivi amekaa mle kikaoni, amenyamazishwa na watu wanaompenda.

Basi rudini. Mlimieni, mchoteeni maji, mkatieni majani ya ng'ombe, hayo yote ni mema. Lakini habari za shamba lake muulizeni yeye, kisha mnyamaze mpaka amalize. Mpokee wa nyuma mzigo, kengele mwachie.