Saumu ya Ulimi ya Mtawa Teona

Wametusimulia waliotutangulia katika imani kwamba katika jangwa la Misri, zama zile watu walipoihama miji ili wamtafute Mungu mahali pasipo na kelele, aliishi mtawa mmoja jina lake Teona. Alikuwa msuka mikeka ya ukindu, mpole, mwenye bidii ya sala, na hapakuwa na mtu aliyemnung'unikia. Lakini moyoni mwake alikuwa na kiu iliyokuwa haimpi raha.

Katika mwaka wake wa kwanza wa utawa, siku moja akiwa ameketi anasuka, alihisi Mwenyezi Mungu yu karibu naye mno, hata mikono ikasimama yenyewe na machozi yakamtoka bila huzuni. Haikudumu. Tangu siku ile miaka ilipita, nywele zikaanza kuota mvi, na hali ile haikumrudia. Alisali, akafunga, akakesha. Alikuwa kama mtu aliyeonjeshwa asali mara moja tu, kisha akaachiwa ulimi unaokumbuka.

Ilipokaribia Kwaresima, alimwendea mkuu wa watawa, Aba Elpidi, akapiga magoti.

"Aba, nakuomba baraka yako. Kwaresima hii nataka kuweka nadhiri ya kimya. Nisitamke neno kwa mwanadamu yeyote mpaka Pasaka. Huenda nikinyamaza, nitamsikia."

Aba Elpidi alimtazama. "Ni Mungu anayelitaka hili, mwanangu, au ni wewe?"

"Mimi namtaka Mungu, Aba. Je, si hilo analolitaka?"

Mzee alimwekea mkono kichwani, akambariki, naye Teona akarudi kwenye kijumba chake kwa furaha.

Sasa, jirani yake alikuwa mtawa mkongwe aitwaye Aba Yusto, aliyekwisha kupofuka. Katika ujana wake Aba Yusto alikuwa mlinzi wa ghala la nafaka, na mwaka wa njaa alimfukuza mlangoni mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni. Baadaye wote wawili walikutwa wamekufa njiani. Kwa sababu hiyo aliuacha ulimwengu akaja jangwani, akaungama kwa machozi, na akaondolewa dhambi zake tangu zamani sana. Lakini uzee una ukatili wake: ulimnyang'anya kumbukumbu ya msamaha, ukamwachia ya kosa.

Teona ndiye aliyepewa kazi ya kumtunza. Kila asubuhi alimwekea mkate na maji, akaondoka kimya, akiamini wajibu wake umekwisha.

Alasiri moja, mwanzoni mwa mfungo, Aba Yusto alikuja akipapasa ukuta, akasimama mlangoni pa Teona.

"Teona, upo? Nasikia ukindu wako. Niambie, mwanangu, je, Mungu amenisamehe?"

Teona akatikisa kichwa kwamba ndiyo, akasahau kwamba mzee haoni. Akainuka akamshika mkono, akaubana kwa upendo. Mzee alingoja. Uso wake ukabadilika.

"Mkono bila neno," akasema polepole. "Basi hajanisamehe, nawe waona haya kuniambia."

Akageuka, akaondoka akipapasa ukuta uleule. Teona akarudi kwenye sala, lakini maneno ya zaburi yalimkaukia kinywani.

Kesho yake mzee alikuja tena na swali lile, na siku iliyofuata vilevile. Teona alimkumbatia, akamfuta machozi, wala hakufungua kinywa, maana aliogopa: nadhiri ni jambo la Mungu, nani athubutu kuichezea? Kisha asubuhi moja akakuta mkate wa jana haujaguswa. Asubuhi ya pili, mkate ulikuwa palepale.

"Usiniletee tena," mzee alisema akiwa amejilaza kwenye mkeka. "Yule mama nilimnyima. Mtu asiyesamehewa ale kwa haki gani?"

Teona alitoka nje akaanguka kifudifudi mchangani. "Ee Bwana," akalia moyoni, "kama ni halali niseme, nipe ishara. Nimekungoja miaka yote hii. Nipe neno moja tu."

Mbingu hazikusema kitu. Jua liliwaka, upepo ukapeperusha mchanga. Ndani ya kijumba mzee alikuwa akikohoa.

Teona akainuka, akaingia, akapiga magoti kando ya mkeka. Sauti yake ilitoka kavu kama mlango uliofungwa siku nyingi.

"Amekusamehe, baba. Alikusamehe zamani. Kula."

Aba Yusto alishusha pumzi ndefu, akanyoosha mkono, akapokea mkate.

Siku iliyofuata alikuwa amekwisha kusahau. Akaja mlangoni, akauliza, akajibiwa, akaondoka akitabasamu. Ikawa hivyo kila siku. Teona aliona Kwaresima yake ikimwagika kama maji, wala hapakuwa na chombo cha kuikingia. Siku moja uchovu ukamshinda, akasema kwa ukali, "Si nilikwambia jana?"

Mzee alishika ukuta. "Jana siijui, mwanangu. Niambie leo."

Teona akaona haya, akamwambia kwa upole, na tangu hapo hakuchoka tena.

Ikafika Ijumaa Kuu. Mzee aliuliza, akajibiwa, lakini safari hii hakuondoka. Akaelekeza uso wake mahali sauti ilipotoka.

"Nawe je, Teona? Wewe Mungu amekwambia nini?"

Teona aliuweka ukindu chini. Kilio alichokuwa amekizuia miaka mingi kikamtoka kama cha mtoto. "Hajaniambia kitu, baba. Namngoja, wala hasemi."

Aba Yusto akampapasa mpaka akakipata kichwa chake, akaweka mikono yote miwili juu yake. "Anakupenda," akasema. "Usilie. Anakupenda."

Baada ya kitambo kidogo akauliza aliyekuwa akilia pale ni nani.

Siku ya Pasaka, baada ya ibada, Teona alimwendea Aba Elpidi mbele ya ndugu wote. Angeweza kunyamaza, kwani hakuna aliyejua. Akasema, "Aba, niliahidi kimya, nami nimekivunja takriban kila siku. Nipe malipizi." Akaeleza yote.

"Na utamu ule ulioutamani, umerudi?"

"Haujarudi, Aba. Bado namtamani, tena kuliko zamani. Ila sasa, akipita, nataka anikute kwa Aba Yusto."

Macho ya Aba Elpidi yalilengwa na machozi. "Malipizi yako ni haya," akasema. "Akikuuliza kesho, mjibu."

Teona akamjibu kesho yake, na siku zote zilizofuata, mpaka mzee alipoitwa kwa Mola wake.

Wapendwa, kila Kwaresima sisi hujiuliza tumpe Mungu nini, na mara nyingi tunachagua kile ambacho sisi wenyewe tumekitamani. Kumtamani Mungu ni jambo jema, wala pasiwe na mtu wa kutuondolea kiu hiyo. Lakini tumwombe atujalie masikio ya kumtambua anapokuja akipapasa ukuta, akiwa na swali lilelile la jana.